Siku Niliyotangaza Kuwatawadha Wazee wa Delta

Habari hii nimekataa kuisimulia mwaka mzima, na wale wanaoniita "Mwalimu Tawadha" pale sokoni Kibiti wameshaisimulia sana, kila mmoja na chumvi yake, mpaka juzi nimesikia kwamba nilikimbizwa na mapanga hadi majini (uongo mtupu, hakuna aliyenigusa hata kwa kidole, na ingekuwa afadhali wangenigusa). Basi leo niiseme mwenyewe, kwa sababu aibu ni yangu. Majina ya wenyewe nimeyabadilisha na kijiji sikitaji, semeni tu ni upande wa Salale kule ndani, hilo angalau nimejifunza. Na mjue mapema kwamba yote yalianzia kwenye neno moja la herufi tano ambalo mimi, mwalimu mwenye digrii, niliamua liondolewe.

Mimi ni mtu wa Njombe, mnanijua. Nililetwa Kibiti kufundisha jiografia sekondari, na kanisani kwetu, kale kanisa ketu kadogo ka bati ambako waumini ni walimu, manesi, askari na wafanyabiashara wa kutoka bara, nikapewa kazi ya ulezi wa vijana. Vijana wenyewe walikuwa kumi na wawili, wa miaka kumi na minne mpaka kumi na saba, na mimi nikawa na moto nao kwelikweli. Niliamini (na bado naamini, msinielewe vibaya) kwamba kijana wa miaka kumi na sita akishaonja kumtumikia mtu asiyeweza kumlipa, imani yake haitakuwa tena ya kurithi kwa mama, itakuwa yake. Kwa hiyo kila Jumapili wimbo wangu ulikuwa huo huo: nendeni mkahudumu, imani isiyo na jasho ni kelele tu.

Ningeishia hapo ningekuwa salama, lakini mimi mwalimu, na mwalimu asipoona alama ubaoni halali. Nikatengeneza Ubao wa Huduma, nikautundika ukutani kanisani, majina kumi na mawili upande wa kushoto, na kila kijana aliyesimama Jumapili akaeleza alichomfanyia mtu wiki hiyo alibandikiwa nyota ya karatasi inayong'aa. Mmoja amefagia kwa jirani, nyota. Mwingine amembebea mama mjamzito ndoo ya maji, nyota (baadaye nikagundua mama mwenyewe ni dada yake, na ndoo ile ilikuwa ya kwao). Ubao ukajaa, wazazi wakafurahi, mchungaji akausifu madhabahuni, na mimi nikawa napita mbele yake polepole.

Jina moja tu halikuwa na nyota hata moja, la Agripina.

Agripina alikuwa kidato cha tatu, mpole, mrefu, wa kukaa benchi la nyuma. Mama yake ni nesi wa zahanati katika hicho kijiji nisichokitaja, na binti alikulia hukohuko kwenye mikoko kabla ya kuja kukaa bweni Kibiti, kwa hiyo kila Jumamosi akipata ruhusa, na kila likizo, alikuwa anapanda boti kwenda kwa mama yake. Jumapili moja nikamsimamisha mbele ya wenzake, nikasema kwa ile sauti yangu ya utani ambayo wanafunzi hawaipendi, "Na wewe Agripina, huko delta unaenda kula kamba tu? Hakuna hata bibi mmoja wa kumsaidia?" Wenzake wakacheka. Yeye akaangalia viatu vyake, akasema, "Sina la kusema, mwalimu."

Nilimfuata nje baada ya ibada, nikambana. Nikamwambia huduma siyo siri, ni ushuhuda, na kwamba ananikatisha tamaa. Ndipo akaniambia, kwa sauti ya chini, huku akiangalia kama kuna mtu nyuma yetu. Kuna bibi mmoja jirani yao, Bi Siwatu, ambaye amemlea tangu ana miaka mitano, amekula kwake, amelala kwake mama akiwa zamu. Bi Siwatu ana matende mguu wa kulia. Mguu wa namna hiyo unatakiwa kuoshwa kila siku kwa sabuni, ukaushwe vizuri katikati ya vidole, upakwe dawa, vinginevyo unafanya vidonda na homa kali inakuja. Bibi mgongo hauinami tena na mabinti zake wameolewa Dar es Salaam. Siku za shule mama yake Agripina hupitia mlango wa uani jioni na kumwosha, na Agripina akiwepo humwosha yeye.

"Lakini usimwambie mtu, mwalimu," akasema. "Bibi ni kungwi. Ndiye anayewafunda wari pale kijijini, anawafundisha usafi na heshima ya mwanamke. Mguu wake watu wanaujua, ila hakuna anayejua kama kuna mtu anamwosha. Akijua nimesema hatonikubali tena."

Nikamwahidi. Nikaweka hata mkono kifuani.

Sasa hapa ndipo mtu mwenye akili angekwenda nyumbani akamshukuru Mungu kwa binti wa namna ile na kufunga mdomo. Mimi nilikwenda nyumbani nikakosa usingizi kwa furaha. Nikawaza, huyu mtoto anaosha miguu ya mtu maskini gizani, kitu chenyewe hasa alichofanya Bwana, na ubaoni kwangu hana nyota! Haki iko wapi? Nikapata wazo ambalo mpaka leo nikilikumbuka natamani kujipiga kofi: tuwapeleke vijana wote kule kijijini, mafuriko yameangusha kuta za nyumba, tukawakandikie wazee nyumba zao, halafu mwishoni vijana wawaoshe wazee wote miguu. Wote. Maana yake Bi Siwatu akiwa mmoja kati ya wengi hatakuwa na sababu ya kuona aibu, siri yake nitakuwa sijaitoa, na Agripina atakuwa amehudumu hadharani. Nililiona wazo lile ni la hekima kabisa. Agripina sikumuuliza.

Kukatakiwa bango, kwa sababu safari bila bango inakuwa matembezi. Kwa fundi wa mabango karibu na stendi nikaandika kwenye karatasi: HUDUMA YA KUWATAWADHA WAZEE MIGUU, VIJANA WA KANISA, KIBITI. Kutawadha, kwa sababu ndilo neno la Biblia, na mimi nililijulia huko na huko tu (kwetu mambo ya kuosha yoyote tunayasema kwa kilugha). Fundi, kijana wa hapahapa mwenye kofia yake ya kufuma, akaisoma karatasi mara mbili, akaniangalia, akasema, "Mwalimu, hili neno ndilo hasa?" Nikamwambia ndilo. Akasema kwa kitambaa kile herufi zitakuwa ndogo, labda tupunguze neno. Nikasoma tena. Wazee haliwezi kutoka, vijana haliwezi kutoka, kanisa nani alitoe. Nikasema, "Toa 'miguu', inaeleweka tu." Fundi akageuka haraka akaangalia ukuta, mabega yanamtetemeka, nikadhani ana kikohozi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Tukafika gati la boti la Nyamisati asubuhi na mapema, vijana kumi na wawili, majembe, ndoo, mabeseni kumi, sabuni, taulo mpya, na kile kipaza sauti cha mkononi cha shule ambacho huwa tunakitumia kwenye michezo. Nahodha wa boti akaniambia, "Mwalimu, mwisho saa sita tuwe tumeondoka kule kijijini, maji yakipwa mlango wa mto ule haupitiki." Nikamjibu naelewa, mimi nafundisha jiografia, somo la kujaa na kupwa kwa maji nalifundisha kidato cha kwanza. Akawasha injini, tukaondoka.

Na nisiwafiche, asubuhi ile ilikwenda vizuri kiasi cha kunilevya. Tulipokelewa na Mzee Shaweji, mjumbe wa serikali ya kijiji na mdogo wake Bi Siwatu, mtu wa maneno machache, akatuonesha nyumba tatu za kukandika. Vijana wakakanyaga udongo, wakaubeba, wakaupachika kwenye fito, wakachafuka mpaka nyusi, kina mama wa kijiji wakaja kusaidia na kuwatania, "Nyie watoto wa mjini kumbe mna nguvu!" Nilimwona Agripina anacheka kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Kama ningesema hapo, basi watoto, naweni tuondoke, leo ningekuwa mtu anayeheshimika Salale.

Saa tano nikaomba wazee wakusanyike uwanja wa zahanati, nina neno. Wakaja, kama ishirini hivi, wakakaa kwenye viti vya plastiki, wanaume upande huu na wanawake upande ule, Bi Siwatu mbele kabisa kwa cheo chake, mwanamke mnene mwenye macho makali, kanga mbili safi, mguu umefichwa vizuri chini. Vijana wakapanga mabeseni. Wawili wakakunjua bango na kulifunga kwenye nguzo za baraza la zahanati, herufi nyekundu za kutosha kusomwa kutoka ndani ya boti: HUDUMA YA KUWATAWADHA WAZEE.

Agripina alikuwa anatoka kujaza ndoo. Akalisoma. Ndoo akaiweka chini, akanijia karibu mbio.

"Mwalimu, litoe lile. Nakuomba litoe sasa hivi."

"Kuna nini?"

"Lile neno huku silo. Huku kumtawadha mtu ni... mwalimu, litoe tu, nitakueleza."

"Agripina, lile ni neno la Maandiko Matakatifu. Usiionee haya imani yako."

Nilimwambia hivyo, jamani. Binti wa miaka kumi na sita aliyekulia kwenye lugha ile ananiambia neno silo, na mimi niliyeletwa na barua ya uhamisho nikamwambia asione haya. Nikamgeuzia mgongo nikawasha kipaza sauti.

"Wazee wetu, shikamooni! Leo hatukuja kuhubiri, tumekuja kuwatumikia. Vijana hawa wametoka Kibiti kwa ajili ya jambo moja tu, wamekuja kuwatawadha!"

Wakanikodolea macho. Nikaona nimewagusa moyo. Mama mmoja nyuma akasema "Astaghfirullah" na mimi, kwa ujinga wangu, nikadhani ni namna ya kusema amina. Nikaongeza. Kila nilichoongeza sasa hivi nakikumbuka neno kwa neno, kwa sababu kijiji hakijaniachia nisahau: kwamba wasione haya, kwamba vijana nimewafundisha vizuri na hawaogopi uchafu wala harufu, kwamba mzee atakaa tu kitini, apandishe nguo kidogo, kijana atachuchumaa mbele yake, maji ya vuguvugu yapo, na kila mzee ana taulo lake. Watoto waliokuwa pembeni wakaanza kuanguka chini kwa kicheko. Wazee wawili wakasimama wakaondoka bila kuaga.

Nikaona nawapoteza. Na mtu anayepoteza watu akiwa na kipaza sauti mkononi, Mungu amwondolee betri.

"Ngojeni, ngojeni wazee! Mnadhani ni maigizo? Kuna binti hapa anamtawadha Bi Siwatu kila Jumamosi na kila likizo, kwa siri, mlango wa uani, miaka na miaka, na hajawahi kusema! Leo nataka kijiji kizima kijue. Agripina, njoo mwanangu, njoo uwaoneshe, leo unapata nyota yako!"

Kicheko kikakatika kabisa. Watu wote wakamgeukia Bi Siwatu. Na mimi nikawa namwangalia Agripina, natabasamu, mkono nimeunyosha, nasubiri aje. Hakuja. Alikuwa amefunika mdomo kwa mikono yote miwili.

Mzee Shaweji akaja, akanitoa kipaza sauti mkononi taratibu, akakizima, akaongea kwa mdomo wake tu, na kila mtu alimsikia.

"Mwalimu, kaa kitako." Nikakaa. "Sisi hapa tunatawadha wenyewe, kwa mikono yetu, mara tano kwa siku, toka wewe hujazaliwa. Mtu wa kutawadhwa na mwenziwe ni watatu tu. Mtoto mchanga akishakunya. Mgonjwa asiyejijua. Na maiti. Sasa dada yangu huyu, kungwi wa watoto wetu wote, umemtia katika lipi?"

Nikajisikia nikisema, kwa sauti ya mwanafunzi aliyechelewa, "Miguu, mzee. Nilikusudia miguu."

Akageuza kichwa akalisoma bango, pole pole, kama mtu anayetafuta kweli.

"Miguu haimo," akasema.

Bi Siwatu akainuka. Hakusema na mimi, hakusema na mtu. Kutoka kitini kwake mpaka njia ya kwenda kwao ni uwanja mzima wa zahanati, na aliupita wote wima, bila kuchechemea, na mtu yeyote aliyewahi kuona mguu wa namna ile anajua kutochechemea kunauma kiasi gani. Kanga ilikuwa inapanda kidogo kila hatua. Wanawake wakaangalia chini mpaka akapotea. Mimi niliangalia, kwa sababu sikujua macho yangu niyaweke wapi.

Mngedhani hapo ndipo mwisho, tukapanda boti tukakimbia. Sisi tukafungasha mabeseni, bango nikalikunja mwenyewe, tukashuka gatini kwa mstari, tukakuta boti imelala ubavu kwenye tope na maji yako kule mbali, yametuacha. Saa saba kasoro. Nahodha amekaa kivulini anatafuna mua. Akaniuliza kwa adabu zote, "Yatarudi saa ngapi, mwalimu wa jiografia?"

Yalirudi saa kumi na moja. Saa nne nzima tulikaa pale kando ya tope mbele ya kijiji tulichokitukana, na watoto wakaja kwa zamu kutuchungulia na kuimba, "Watawadhaji hao! Watawadhaji hao!" halafu wanakimbia. Vijana wangu wakawa wanalia, wengine wananikasirikia waziwazi, mmoja akaniambia, "Mwalimu, sisi tulikuwa tumefanya kazi nzuri." Na kilichonimaliza kabisa ni kwamba saa nane kina mama walewale wa asubuhi walileta sinia tatu za wali na kamba wa nazi, wakaziweka chini, wakasema, "Kuleni watoto, hamjala tangu asubuhi." Hawakutusema. Mgeni kwao hakai na njaa, hata akiwa mimi. Nilikula matonge mawili, nikaacha.

Wakati huo Agripina alikuwa amekwenda kwa Bi Siwatu. Nikamfuata kwa mbali, nikijidanganya kwamba naenda kuomba radhi. Nilimkuta amepiga magoti nje ya mlango wa uani, mlango umefungwa.

"Bibi, sikusema hivyo. Bibi, nifungulie nikueleze."

Kisha sauti ya ndani, haina hasira, imechoka tu. "Ulisema ama hukusema?"

"Nilisema, bibi. Kwa mmoja."

"Basi. Kumbe nilikuwa kazi yako ya shule. Nenda mjukuu wangu, nenda ukapewe nyota yako."

Agripina akabaki palepale na paji la uso limeegemea mlango. Aliponiona hakunitukana, na mimi nilitaka anitukane. Aliniambia neno moja, "Uliahidi," akanipita.

Kibiti habari ilifika kabla yetu. Kesho yake bodaboda wa stendi wananisalimu, "Mwalimu, leo unamtawadha nani?" Kanisani mchungaji akanipa pole, halafu akaniuliza kama picha zilitoka vizuri. Na picha zilikuwa zimetoka, kwa sababu mmoja wa vijana alishatuma moja kwenye kundi la WhatsApp asubuhi ile kabla mambo hayajaharibika, mimi nimesimama chini ya bango natabasamu. Ndugu zangu wa Njombe walijaza amina hamsini. Watu wa Pwani walijaza vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Picha moja, watu walewale wa Kiswahili. Ubao wa Huduma nikaubandua jioni ile ile, nikauchana, na hakuna aliyeniuliza uko wapi.

Lakini kicheko cha watu mimi nakivumilia, nimekizoea, wakati mwingine hata nacheka nao. Kilichonikaa kooni ni kingine. Bi Siwatu aliufunga ule mlango wa uani. Agripina alikwenda Jumamosi tatu mfululizo hakufunguliwa, mama yake akaenda na dawa na vazi la kazi kama nesi, akaambiwa asante, sijambo. Mwanamke yule aliamua kwamba hakuna mkono wa mtu utakaomgusa tena, kijiji kikaona anajiweza, na mguu ukakaa bila kuoshwa. Wari hawakupelekwa kwake tena mwaka huo. Hakuna aliyetangaza, ila walipelekwa kwa kungwi mwingine kijiji cha pili. Na Agripina akaacha kuja kwenye vijana. Ibada anakuja, anakaa nyuma, anaimba, ila mimi nikiinuka kusema anatoka kwenda kunywa maji.

Miezi saba baadaye mama yake akanipigia simu. Hakusalimu sana. Alisema Bi Siwatu ameletwa hospitali Kibiti, vidonda vimeingia ndani, homa ya siku nne, walimbeba kwenye boti hajitambui, na amenipigia kwa sababu anaona ni haki nijue. Akakata.

Nilikwenda saa ya kuona wagonjwa, mchana, na mfuko wa machungwa. Njia nzima nilikuwa napanga hotuba. Wodi ya wanawake, kitanda cha mwisho dirishani, nikaona kanga imetandazwa kutoka kitandani mpaka dirishani kama pazia, ameishika binti mdogo wa ukoo wao. Nyuma ya kanga nikasikia maji yanamwagika kwenye beseni taratibu, na sauti ya Agripina ikisema, "Pole bibi, namalizia hapa katikati ya vidole," na ya Bi Siwatu, hafifu, ikimwambia asifanye haraka. Nikasimama. Sijui kama walipatana kwa maneno au kwa homa tu, na mpaka leo sijaambiwa.

Agripina akachungulia kuchukua taulo, akaniona nimesimama na machungwa yangu. Mdomo wangu ukafunguka. Yeye akasema, kwa heshima zote, kama anavyotakiwa kumwambia mwalimu wake:

"Shikamoo mwalimu. Naomba usubiri nje."

Akaivuta kanga ikafunga vizuri. Nikasubiri nje mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha, mlinzi akapita akifunga mageti, na hakuna aliyekuja kuniita. Machungwa nikamwachia mlinzi.

Mguu haukukatwa, nimeambiwa, ila hautarudi ulivyokuwa.

Bado ni mlezi wa vijana, mchungaji alikataa kunitoa, anasema nina moto. Na bado nawahimiza waende wakawatumikie watu, hilo sijaliacha wala sitaliacha, kwa sababu nimeliona kwa macho yangu linavyofanana likiwa la kweli, nimelisikia nyuma ya kanga. Ila bango sitalishika tena maishani, wala kipaza sauti. Jumapili kijana akiinua mkono, uso unang'aa, anataka kusimama aeleze alichomfanyia mtu wiki hii, nampungia akae. Nawaambia fanyeni, mkimaliza nendeni nyumbani mkale, mkitaka kumwambia mtu mwambieni Mungu. Mimi msiniambie. Mimi si mtu wa kuambiwa.